Goweko Juu ya Ubao

Gongoni, Tabora
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Theodora,

Usishtuke kupata barua kwa mkono wa Hafsa badala ya simu. Unayajua masikio yangu: bila spika sisikii kitu, na nikiweka spika mama anasikia hata unavyohema. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani. Hafsa anapanda treni na magunia yake ya dagaa kila wiki, na ni mtu asiyeuliza maswali.

Mama yuko vile vile. Nyonga haijaunga, na daktari wa hospitali ya Kitete ameonya asiudhiwe kwa lolote, presha yake inapanda kwa jambo dogo. Anashinda kitandani anatazama ukuta. Mwezi uliopita aliniambia, "Leo mwanangu, nataka kuiona Goweko." Nikamwambia, mama, kwa nyonga hiyo hupandi treni. Chakula akakiacha. Basi nikaamua kumletea Goweko chumbani. Mstaafu wa reli kama mimi ana kazi gani nyingine? Nimeutoa stoo ule mlango wa zamani, nimeulaza juu ya makreti ya soda mbele ya kitanda chake, na juu yake ninalijenga shamba letu. Udongo nimechota kwenye kichuguu, kuta ni za njiti za kiberiti, paa ni nyasi za ufagio. Watoto wa jirani wanakuja kuchungulia, wanadhani mzee ameanza kucheza.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Masolwa amepiga simu, yule aliyenunua shamba kwa marehemu baba. Miaka yote hii upande ule wa zamani aliuacha wa kulishia ng'ombe wake. Mwaka huu amepata trekta la kukodi, na mvua za kwanza zikinyesha atalima kote. Akaniambia, "Marehemu mzee alinieleza kwamba kuna mtoto wenu amelala pale. Mimi alama siioni. Nionyesheni, nitapaacha." Ni muungwana, na hakulazimika kuuliza.

Mtoto mwenyewe ni Anselm, aliyenifuata mimi na ambaye wewe hukumkuta. Unajua mama hamtaji. Ukimwuliza anageukia ukuta, na siku ile hali kitu. Kwa hiyo siwezi kumwuliza waziwazi, na habari ya trekta hataisikia kinywani mwangu. Tumaini langu ni kwamba akiliona shamba limekamilika mbele yake, atanyoosha kidole mwenyewe.

Asiponyoosha, mimi nilikuwepo siku ya mazishi, nilikuwa nakaribia miaka sita. Nataka tu uniunge mkono. Ukitoka stesheni ukafuata ile njia ya wapagazi wa zamani inayokata shamba letu, nyumba iko mkono wa kushoto, bani la kukaushia tumbaku mkono wa kulia. Jiko liko nyuma ya nyumba, na Anselm yuko nyuma ya jiko. Niandikie kwamba na wewe unakumbuka hivyo, nimpigie Masolwa, nilale usingizi.

Kaka yako,
Leodgar


Ujiji, Kigoma
13 Oktoba 2024

Kaka Leo,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake, mwambie dagaa wa safari hii ni wateule, nimewachambua mwenyewe.

Nilicheka niliposoma habari za njiti za kiberiti. Niliwasomea na watoto, wakasema mjomba atumiwe rangi. Nilipofika kwenye njia ya wapagazi kicheko kikanikauka. Kaka, nyumba haikuwa kushoto. Nyumba ilikuwa kulia, upande uleule wa bani. Nimefumba macho, nimetembea toka stesheni kila jioni wiki hii, na kila mara ninaingia mkono wa kulia.

Jua lilikuwa likizama mbele ya mlango wetu. Mama alisonga ugali macho ameyafinya kwa sababu ya lile jua. Usiku nikiwa kitandani nilimsikia baba akikohoa bani, anachochea moto wa tumbaku, karibu kiasi kwamba nikimwita ananiitikia. Kushoto, ng'ambo ya njia, hakukuwa na nyumba yoyote. Kulikuwa na kichaka cha mibarika, ile ya mafuta ya nyonyo, na mchicha umejiotea mnene ajabu, na mama alitukataza kwenda kuuchuma hata siku ambayo hatukuwa na mboga.

Nyuma ya jiko, sawa, hapo tunaelewana. Nyuma ya jiko letu palikuwa na mahali palipozungushiwa mawe. Jembe halikugusa pale. Siku moja niliingia kucheza na chungu cha udongo, mama akanichapa na kisha akalia yeye. Kama si kaburi ni nini? Hakuna aliyewahi kuniambia, lakini mtoto anajua.

Usikasirike nikisema hili. Wewe ulipelekwa Ndala kwa mama mkubwa hata meno ya utoto hayajakutoka, na hukurudi tena kukaa. Mimi nilikaa Goweko mpaka darasa la nne, mpaka siku tulipohama. Kati yetu mgeni ni nani?

Usimpigie Masolwa kwanza. Nakuomba.

Mdogo wako,
Theodora


Gongoni, Tabora
20 Oktoba 2024

Theodora,

Barua yako nimeisoma stesheni, nikairudia nikiwa nyumbani. Nilibandika kibanda cha kuku juu chini bila kujua.

Sitaki kubishana nawe, ila nisikilize. Mimi niliamka na jua usoni. Mlango ukifunguliwa asubuhi jua liliingia mpaka kwenye mkeka wangu. Na bani lilikuwa ng'ambo. Mimi ndiye niliyempelekea baba ugali, nikivuka njia, na kila siku niliambiwa tazama nyoka kabla ya kukanyaga, kwa sababu njia ile imechimbika kwa miguu ya watu wa misafara mpaka ni kama mfereji. Kama nyumba na bani vilikuwa upande mmoja, mimi nilikuwa navuka nini?

Siku ya Anselm nakumbuka asubuhi. Nakumbuka kivuli cha jiko kimeangukia mbali na njia, na watu wamesimama ndani ya kivuli.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilitoka dukani hapa Gongoni, duka la siku zote, nikasimama barabarani na sikujua nyumbani ni upande gani. Nilijifanya nafunga kamba za viatu mpaka ikanirudia. Unakumbuka baba alivyoanza. Alitafuta mlango wa choo alichokichimba mwenyewe. Baada ya hapo tukawa tunamfungia geti. Kama nyumba niliyozaliwa ndani yake naiona upande usio wake, basi na mimi nimeanza, na hicho ninachokijenga chumbani kwa mama ni shamba la mtu anayepotea. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa mpaka jioni sitoki.

Mama mwenyewe amebadilika, hili ni jema. Anakula. Anataka asogezwe karibu na ubao. Alisema kihenge cha mahindi nimekifanya kinene mno, akanitania kwamba nimetujengea utajiri. Nilimwuliza taratibu, "Mama, nyumba nimeiweka sawa?" Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Umeiweka."

Na habari ya Ndala usinikumbushe. Mpaka leo sijui kwa nini nyumba nzima ilibaki nikatolewa mimi.

Leodgar


Ujiji, Kigoma
28 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nenda hospitali. Sikusemi kwa ubaya. Nenda kesho, mwambie daktari yale ya dukani kama ulivyonieleza mimi, usipunguze kitu.

Nimesoma ya kivuli na ya jua na nyoka. Inaniuma kwa sababu unaeleza vizuri, kama mtu anayeona. Baba naye alieleza vizuri. Alimweleza mama habari za safari ambayo hakusafiri, na majina ya stesheni akayataja yote kwa mpangilio.

Huku mawingu yamefunga ziwa lote, na mvua yetu haichelewi kufika kwenu. Ukimwonyesha Masolwa kushoto, trekta litapita kulia, juu ya Anselm, na tutakuwa tumempeleka sisi. Nimewapigia wote waliobaki upande wa baba. Shangazi Recheli anamkumbuka ng'ombe wetu mwekundu, nyumba haikumbuki. Waliozika hawapo tena duniani.

Fanya hivi. Ihamishe nyumba. Itoe kushoto uiweke kulia kama ninavyosema mimi, mlango utazame njia, kisha usiseme neno. Mtazame mama usoni. Kama nimekosea, uso wake utasema.

Na kaka, nasema kwa heshima zote, simu ya Masolwa usiiguse mpaka hapo.

Theodora


Gongoni, Tabora
9 Novemba 2024

Theodora, mdogo wangu,

Nimekupigia jana na juzi, hupokei. Najua umekasirika kwa vile nilivyokujibu ile siku nilipokupigia nikiwa stesheni, niliposema nyumba yangu haihamishwi na mtu wa Ujiji. Nisamehe. Nilikuwa nimebanwa.

Niliihamisha. Nilifanya kwa chuki, nikaikwangua na kisu mama akiwa amesinzia mchana, nikaibandika kulia karibu na bani, nikakaa kwenye kiti kusubiri. Alipoamka alitazama ubao. Akasema, "Na ile ya kwanza umeipeleka wapi?"

Nikasema, mama, ya kwanza ipi?

"Ile uliyozaliwa wewe. Hii ni ya Theodora. Nyumba zilikuwa mbili, Leo. Tengeneza nyingine."

Nilikaa chini sakafuni. Akazungumza akiwa ameshika ukingo wa ubao. Alipokufa Anselm, mama alishindwa kupika. Kila akiinama jikoni alikuwa amempa mgongo mtoto. Baba akaona mwanamke huyu atamfuata. Ndipo akafanya kama wazee wa kwetu walivyofanya kifo kikiwaelemea: akaihama nyumba. Aling'oa milango, akashusha boriti, akavuka njia, akajenga ileile, vyumba vilevile, jiko nyuma vilevile. Ila kwetu nyumba haiipi njia mgongo, mlango lazima uitazame, kwa hiyo kila kitu kikageuka. Mimi wakati huo niko Ndala tayari. Wewe ulizaliwa kwenye ile ya pili. Ya kwanza ikabaki itongo, yale mahame ambayo watu hawalimi, ikaota mibarika na mchicha wako wa kukatazwa. Mtu wa kijijini angeijua mibarika ile ni nini. Sisi tumekaa mjini mpaka tumekuwa wajinga.

Kwa hiyo hukukosea, na mimi sikukosea. Nilitoka uani nikalia karibu na pipa la maji. Daktari nilikwenda pia kama ulivyosema, akaniambia ni sukari iliyoshuka ile siku ya dukani, nilikuwa nimeshinda na njaa nikijenga. Akili yangu bado ipo.

Anselm yuko kushoto, nyuma ya jiko la kwanza. Mama alipaminya kwa kidole juu ya udongo, pakabaki shimo dogo. Kuhusu yale mawe yako sikupata nafasi ya kumwuliza, alichoka akalala.

Sasa roho iko juu. Masolwa hapatikani kabisa, nadhani simu imeisha chaji, kule umeme wa jua ukikosa jua ndiyo basi. Mvua imekwishanyesha mara moja. Barabara ya Goweko imekatika kwenye kivuko, kwa hiyo nasubiri treni ya Alhamisi. Niombee trekta lichelewe.

Kaka yako,
Leo


Ujiji, Kigoma
10 Novemba 2024

Kaka Leo,

Shikamoo. Nimeona umepiga, sikupokea. Niliogopa tutagombana tena na mama asikie. Lakini nataka uipate hii haraka ili upumzike.

Nimelimaliza. Alhamisi nilimpigia Masolwa mimi mwenyewe, simu yake ikaita mara moja tu akapokea. Akasema mvua imenyesha na trekta limefika kwake, alikuwa anakaribia kuanza bila sisi. Fikiria tungechelewa. Nilimwelekeza: mkono wa kulia, lilipokuwa bani, hesabu hatua kwenda nyuma ya lilipokuwa jiko, tafuta mawe. Alikwenda nikiwa hewani, nikamsikia anakata majani. Akasema, "Dada, mawe haya hapa, yamezama lakini yapo." Kaka, nililia darasani mbele ya wanafunzi.

Ameahidi kupazungushia miiba ili hata ng'ombe wasipite. Upande wa kushoto nimemwambia alime tu, hakuna kitu.

Najua utasema nimekupita wewe mkubwa. Nimekupita, ndiyo. Wewe pumzika, tibiwa, maliza kumjengea mama shamba lake. Baba tulimpoteza kidogokidogo na tulikuwa tunatazama tu. Wewe sitaki nikutazame.

Nakupenda, ingawa hatuambiani.

Theodora


Stesheni ya Goweko
14 Novemba 2024

Theodora,

Barua yako Hafsa alinipa jana nikifunga mkoba, ndipo nami nikampa yangu ya tarehe tisa. Niliisoma nimesimama. Nimekuja hivyohivyo, nikijiambia labda trekta limeharibika, matrekta ya kukodi huharibika kila siku. Hili halikuharibika.

Masolwa alinipokea vizuri, akanipa maziwa, akanishika mkono mpaka mahali. Kulia, nyuma ya lilipokuwa jiko lenu, ameweka boma la miiba safi, amepalilia ndani na mawe ameyainua yakaonekana. Akasema, "Dada yako alielekeza vizuri sana. Wengine wangekuwa wamesahau." Alikuwa anafurahi kwa ajili yetu, na wake zake wamesimama pembeni wakanipa pole ya mtoto.

Kushoto pamelimwa mpaka ukingoni mwa njia. Mibarika imeng'olewa na kuchomwa. Yangeyange walikuwa wanaokota minyoo. Nilivuka nikaingia ndani ya lile shamba, na nikashindwa kutembea, kwa sababu sikujua niweke mguu wapi. Nilisimama kwenye matope kama mtu aliyetegwa mpaka Masolwa akaniuliza kama naumwa.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Mtu ametimiza ahadi yake kwa mikono yake mwenyewe. Nilimshukuru.

Sikulaumu wewe. Ungepokea simu, ningekuambia. Nami ningekuambia siku ileile kwa maneno mawili ya ujumbe, lakini nilitaka nikueleze vizuri, kwa barua, nione raha ya kueleza. Hiyo nayo ipo.

Mama anajua nimekwenda Goweko. Alisema, "Mwangalie, halafu uniambie." Treni inakaribia.

Leodgar


Ujiji, Kigoma
24 Novemba 2024

Kaka,

Barua zako mbili zimefika pamoja, Hafsa alishikwa na malaria wiki ile na mkoba wake haukufunguliwa. Nilianza na ya Goweko. Sikuelewa. Nikafungua ile ya nyumba mbili, ndipo nikaelewa, na natamani nisingejua kusoma.

Ni mimi. Nilisema alime tu, hakuna kitu. Nilisema hivyo, kwa sauti ya furaha. Niliposikia trekta limefika nilijiona shujaa, nimemwokoa kaka ambaye sikumwona, na kaka mwingine nimemfunika aibu yake ya kusahau. Wala hukuwa umesahau.

Nikilala nasikia injini.

Kaka Leo, mama asijue. Nakuomba kwa magoti. Mwambie Masolwa amepaacha, mwambie ameweka miiba, hiyo miiba si uongo, ipo. Mwambie chochote mpaka shule ifungwe nije, na mimi ndiye nitakayekaa mbele yake niseme. Wewe presha yake uliiona ikoje nyonga ilipovunjika. Akifa kwa habari hii nitakuwa nimewazika wawili.

Na yale mawe basi ni ya nini? Kama si yake, mama alikuwa analilia nini pale?

Theodora


Gongoni, Tabora
1 Desemba 2024

Mwanangu Theodora,

Mimi ni mama yako Bernadeta. Anaandika Leo, macho yangu hayafai kwa karatasi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

Barua yako nimesomewa. Usimkasirikie kaka yako, hakuniambia yeye. Alirudi toka Goweko akavua viatu mlangoni, na mimi nikaona udongo uliopanda mpaka kwenye kamba. Udongo wa njiani haupandi hivyo. Ule ni udongo uliolimwa, nimeukanyaga maisha yangu yote. Nikamwuliza kushoto au kulia, akaanza kunisimulia habari za maziwa ya Masolwa. Basi nikajua. Sikufa. Nilikunywa uji.

Mnanihofia kama yai, na mimi nimezika mtoto kabla ninyi hamjaweza kujifunga viatu.

Sikiliza. Siku ile baba yenu alikataa kusaidiwa kuchimba. Alichimba tangu jua halijapanda, na mimi nimekaa mlangoni namtazama. Akazama mpaka kiunoni, watu wakamwambia Nestory, inatosha, ni mtoto mdogo. Hakusikia. Akaendelea mpaka nikawa naona kichwa chake tu. Alikuwa anaogopa fisi. Jembe la trekta linalima shibiri, na likizidi sana ni mkono. Anselm halijamfikia, wala halitamfikia. Juu yake pamelimwa, basi. Mahindi yataota. Masolwa asiambiwe kitu, asije akaogopa shamba lake mwenyewe. Ninachotaka ni kwamba siku yangu ikifika mniombee kwake mahali upande uleule wa kushoto. Leo atawaonyesha. Ana akili zake timamu huyu, mwacheni.

Leo amesimamisha kalamu hapa, nimemwambia aendelee. Na yeye alitaka kujua kwa nini alitolewa. Nilimtoa kwa sababu kifo kilikuwa kimeijua nyumba yangu, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Nilitaka awe mahali ambapo hakimjui. Alilia mpaka stesheni na sikugeuka nyuma, ningegeuka ningemrudisha. Kumbe miaka hii yote alidhani sikumtaka.

Sasa mawe. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, mdogo, kichwa kama limau, na watu walikutazama kwa huruma kama wanaokuaga. Kitovu chako kilipodondoka nilikizika nyuma ya jiko jipya, nikapazungushia mawe, nikasema hapa halipiti jembe wala mguu wa mtu, wala wako mwenyewe. Siku ile nilipokukuta unacheza juu yake nilikuchapa, kisha nikalia, kwa sababu nilijiona nimekuwa kichaa. Nilipaogopa pale kuliko kaburi. Kaburini alikuwemo aliyekwisha kwenda.

Kwa hiyo hukumwonyesha Masolwa mahali pa uongo. Ulimwonyesha pako.

Mwambie aing'oe ile miiba, alime na pale. Mwenye kitovu yuko Ujiji, ana watoto wake, anafundisha, na anagombana na kaka yake kwa barua. Nimeshaacha kumlinda.

Mama yako,
Bernadeta
kwa mkono wa Leodgar